Mikebe Mitatu ya Mama Mboga

Hotuba kwa wanakwaya na waumini, Misa ya jubilei ya miaka 25 ya kwaya yetu, Theta. Msemaji ni mwanakwaya wa sauti ya nne, aliyewahi kuwa mweka hazina wa kwaya.





Kamati iliponiomba nizungumze kuhusu biashara nilidhani wamekosea namba ya simu. Kuna watu hapa ndani wenye malori na nyumba za kupangisha. Mimi nina duka moja la vifaa vya ujenzi, mlango mmoja, na mnajua vizuri kwamba misumari ya inchi tatu huniishia kila Jumamosi, siku ambayo kila mtu anaitaka. Nilimwambia mwenyekiti watafute mtu mwingine. Akanijibu, "Hatukuiti uje utufundishe kutajirika. Tunataka utuambie ile ya kinanda."

Basi nimekuja na ile ya kinanda. Wazee wa kwaya wanaijua. Waliojiunga nasi baada ya 2013 wameisikia nusu, na najua ni nusu gani.

Lakini mniruhusu nianzie nyuma kidogo, kwenye kahawa. Wengi wetu wa umri wangu tumelelewa na kahawa. Kabla mashamba hayajakatwakatwa kuwa ploti, kutoka Ruiru mpaka huku ilikuwa mistari ya kahawa tu, na huko Ruiru ndiko watafiti walikotoa ile mbegu ya Ruiru 11 mwaka 1985, ambayo mzee yeyote aliyewahi kupiga dawa ya ugonjwa wa matunda ya kahawa ataielezea kwa shukrani. Mama yangu alikuwa mchumaji. Wakati wa likizo nilimfuata. Malipo yalikuwa kwa debe, na karani hakulihesabu debe kuwa limejaa mpaka lifanye kichuguu juu. Vichuguu vya siku nzima, ukivikusanya, vilikuwa debe jingine zima ambalo hakuna mtu aliyelilipia. Mama hakujua kusoma. Alikuwa na kamba kiunoni, na kila debe alifunga fundo. Jioni karani akisema saba, mama anashika kamba yake na kusema nane. Siku nyingine alishinda, siku nyingine alinyamaza tukaenda nyumbani.

Nilikua nikijua kwamba hesabu si mambo ya vitabu, ni mambo ya haki. Halafu siku ikafika mimi ndiye karani, na nikasahau.

Ilikuwa 2012. Ile barabara kuu ya Thika, karibu kilomita 50 kutoka Nairobi, ilifunguliwa na Rais Kibaki mwezi wa Novemba mwaka huo, lakini nyinyi mnakumbuka kwamba ploti za huku zilianza kupanda bei kabla utepe haujakatwa. Kila mtu alikuwa anajenga au anasema atajenga. Nami nilikuwa nimefungua duka, dogo kuliko hili la sasa, na wakati huo huo nilikuwa mweka hazina wa kwaya. Tulikuwa tunachanga pesa za kununua kinanda. Kila mwanakwaya alitoa shilingi 50 kila Jumapili, na tukialikwa kuimba harusini, bahasha yote iliingia kwenye kinanda. Kwaya haikuwa na akaunti ya benki. Tangu M-Pesa ianze mwaka 2007 simu ndiyo iliyokuwa benki yetu sote, kwa hiyo pesa za kwaya zilikaa kwa simu yangu, kwa laini ile ile niliyolipia simenti.

Nataka vijana mlisikie hili vizuri. Pesa zikiwa kwenye simu hazina rangi. Nilikuwa na shilingi 38,000 za kwaya na 4,000 zangu, na simu iliandika 42,000. Mtu mwenye 42,000 hatembei kama mtu mwenye 4,000. Anasalimia watu kwa sauti kubwa.

Jumanne moja mkandarasi alikuja dukani akitaka mifuko 50 ya simenti. Atalipa Jumamosi, mwenye ploti akimlipa. Mimi stoo nilikuwa na mifuko sita. Nikajiambia maneno ambayo kila mwizi mpole hujiambia: naazima tu mpaka Jumamosi. Sikumwiba mtu usiku, sikuvunja kufuli, nilibonyeza namba ya siri ambayo kwaya yenyewe ilikuwa imeniamini nayo. Simenti ikaja asubuhi, mchana ikaenda. Jumamosi mkandarasi hakuonekana. Jumatatu simu yake ilikuwa imezimwa. Ule ukuta ulisimama nusu kwa miaka mingi, na nilikuwa naupita kila siku nikienda kazini, simenti ya kinanda ikinyeshewa na mvua.

Wiki iliyofuata mwenyekiti wetu wa wakati huo, mama ambaye sauti yake ya kwanza hatujapata mfano wake tena, alinipigia simu. Amepata kinanda kizuri Nairobi, mwenye nacho anasafiri, nilete pesa kesho. Nikamwambia mtandao unasumbua. Kesho yake nikamwambia laini imefungwa. Siku ya tatu sikushika simu.

Jioni ya siku hiyo ya tatu nilipita steji kununua nyanya. Mama mboga wetu wa pale mnamjua, na wengi wenu mmekula kutoka kwa meza yake bila kumlipa siku hiyo hiyo. Nilichukua nyanya za shilingi 40, nikampa noti ya 100. Akafungua mkebe wa majani chai, akatikisa, hakuna kitu. Hana chenji. Lakini miguuni pake niliona mkebe mwingine, wa kasuku, umejaa sarafu mpaka mdomoni. Nikamwambia, "Mama, si chenji hiyo hapo?"

Akacheka. "Hiyo si yangu."

"Ni ya nani?"

"Ya chama. Na ile nyingine ya bluu ni ya Githurai. Mimi yangu ni hii ya majani chai, na leo haina kitu."

Nikamwambia achukue 60 kwa ya chama, mteja mwingine akija atarudisha. Ni dakika tano tu. Akaniangalia kama mtu anavyomwangalia mtoto wa jirani aliyeuliza swali lisilofaa. Akazitoa nyanya kwenye karatasi, akazirudisha mezani, moja moja. "Kesho ukija na chenji, baba, nyanya zitakuwepo."

Alikubali kukosa mauzo ya shilingi 40, jioni, nyanya zikiwa tayari zimeanza kulegea, kuliko kuazima shilingi 60 kutoka kwa mkebe wa wenzake kwa dakika tano. Na hakuna mwanachama yeyote aliyekuwa anamwona.

Nilirudi nyumbani bila nyanya. Mke wangu aliuliza nikasema zimeisha. Huo ulikuwa uongo wa nne wiki hiyo.

Kila mwaka tunasomewa ule mfano wa talanta katika Mathayo sura ya 25, na kila mwaka tunamlaumu yule mtumishi wa tatu aliyefukia pesa ardhini. Usiku ule nilimwonea wivu. Yeye angalau bwana wake aliporudi alifukua, akapangusa udongo, akamrudishia zake kamili.

Alhamisi ilikuwa mazoezi. Tulipomaliza sala ya kufunga nilisimama nikasema. Sikuongea sana, labda dakika mbili. Sitawadanganya kwamba watu walinikumbatia. Kulikuwa na kimya. Mmoja wa sauti ya tatu aliinuka akatoka nje na hakurudi kwaya kwa miezi minne, na baadaye nilijua kwamba alikuwa ameahirisha kumnunulia mtoto wake viatu vya shule ili asikose ile hamsini ya kila Jumapili. Yuko hapa leo, safu ya pili, na bado anaimba haraka kuliko sisi wengine. Sijawahi kumlaumu.

Aliyevunja kimya alikuwa cucu wa sauti ya pili, ambaye Mungu amempumzisha. Hakuniuliza kwa nini. Aliniuliza, "Utaweza ngapi kwa wiki?"

Nikasema elfu moja. Akasema, "Andikeni." Wakaandika. Wakachagua mweka hazina mwingine usiku huo huo, wakaniambia Jumapili nifike saa moja kamili kama kawaida kwa sababu sauti ya nne ina watu watatu tu. Nililipa wiki 38, na wiki mbili kati ya hizo niliuza nguo zangu. Mwezi wa saba 2013 tulinunua kinanda, na bei ilikuwa imeshapanda. Ile tofauti pia niliidaiwa, ingawa hakuna aliyeiandika.

Baadaye nilirudi kwa mama mboga nikamwomba anifundishe ile mikebe. Alishangaa kwamba mtu mwenye duka la mabati anamuuliza. Akanieleza hivi. Kila jioni, kabla hajanunua hata kiberiti, anarudisha kwenye mkebe wa bluu pesa zile zile alizotoka nazo asubuhi kwenda Githurai, pamoja na nauli ya kwenda na kurudi na ya mtu wa kubeba gunia. Kama alitoka na 2,400, zinarudi 2,400. Pili, mia moja ya chama. Kinachobaki ndicho chake, kinaingia kwenye majani chai. "Siku nyingine inabaki 80," akasema. "Siku hiyo tunakula sukuma iliyobaki mezani, tunalala." Nikamuuliza, na ukiuguliwa na mtoto usiku? "Naenda kukopa kwa jirani kwa jina langu. Siendi kwa bluu. Bluu ikiisha, kesho nitakuwa mama asiye na mboga."

Nimehudhuria semina za biashara Ruiru na Thika, nyingine tulipewa cheti na soda. Sijasikia zaidi ya hilo. Watu wengi niliowaona wakifunga maduka huku kwetu hawakukosa wateja. Walikula mkebe wa bluu. Walilipa karo nao, wakachangia harusi nao, wakanunua ploti nao, vitu vizuri vyote, mpaka siku moja rafu zikabaki na vumbi. Mimi leo duka lina laini yake na mimi nina yangu, na mwisho wa mwezi duka linanilipa mshahara kama linavyomlipa kijana wangu wa dukani. Mwezi mbaya mshahara wangu unapungua. Wa kijana haupungui.

Sasa wanakwaya vijana, msinikasirikie, nitawatolea mfano wenu. Mlipouza mandazi baada ya Misa kuchangia sare hizi, kiongozi wenu alisimama hapa akatangaza, "Tumepata shilingi 6,400!" Tukapiga makofi. Mimi nilipiga makofi nikihesabu. Mandazi 640 yalikula pakiti 11 za unga, kila moja 200, hiyo ni 2,200. Mafuta lita tano, 1,500. Sukari kilo tatu, 450. Hamira na maziwa, 250. Makaa, 300. Jumla 4,700. Mlipata 1,700, na watu wanne walikesha siku mbili. Vitu vingi vilitoka jikoni kwa mama zenu, ndiyo sababu hamkuviona. Kwa kwaya ni sawa, hiyo ni sadaka na Mungu ameipokea. Lakini wawili wenu mmeniambia mnataka kuifanya iwe biashara pale karibu na shule. Mkiifanya biashara, unga wa mama si sadaka tena, na usiku wenu una bei. Gawa 1,700 kwa watu wanne kwa siku mbili muone kama mnataka kukesha. Labda dawa ni kuuza kwa 15 badala ya 10. Labda ni kununua unga kwa bunda. Sijui, jikoni mnajua nyinyi. Ila msianze kabla ya kuandika.

Kijana mmoja wa boda boda hunibebea mizigo midogo. Jioni moja alikuja akicheka, ameingiza 1,800. Tukakaa kwenye mifuko ya simenti tukahesabu: petroli 500, mwenye pikipiki 400, chakula na chai 200. Zikabaki 700, akapunguza kucheka kidogo. Nikamuuliza, na tairi? Akasema tairi bado ni nzima. Tairi hulika kidogo kidogo kila siku lakini hulipwa siku moja, na siku hiyo ndiyo vijana wengi huanza madeni. Sasa anaweka 50 kila jioni kwa ajili ya tairi na mnyororo. Anasema mwenye pikipiki anamcheka. Sawa tu.

Mikopo nitaigusa haraka kwa sababu mnaniuliza sana. Hustler Fund ilipoanza mwisho wa Novemba 2022, riba yake ilikuwa asilimia 8 kwa mwaka na unatakiwa ulipe kwa siku 14. Ukikopa 1,000, hamsini inawekwa akiba yako na unapokea 950. Riba ya zile siku 14 ni kama shilingi tatu. Kwa hiyo usiniambie umemalizwa na riba. Swali ni moja: ile 950 umenunua kitu kitakachouzwa kabla ya siku 14, au umenunua bando na kuku? Na nyinyi mnaokopesha, maana sisi wenye maduka tunakopesha kuliko benki, mimi tangu yule mkandarasi nina kipimo changu. Simpi mtu bidhaa kwa deni zaidi ya kile ninachoweza kumpa bure nikalala. Kuna wanaoniita mchoyo. Wapo hapa, wengine wana mabati yangu.

Kuna fundi wa viatu pale karibu na stendi ya Juja ambaye aliwahi kukataa pesa yangu. Nilimpelekea kiatu cha Jumapili, soli imefunguka. Akakikunja, akasema, "Nikishona hii itashika wiki moja, halafu utakuja umekasirika na utawaambia watu ni mimi." Akanirudishia. Alipoteza shilingi 100 siku hiyo. Tangu hapo viatu vyote vya nyumba yangu vinapelekwa kwake, vya watoto, vya mke wangu, hata vya mama mkwe alipotutembelea.

Hapa Kiambu tunapenda sana kumtaja marehemu Nelson Muguku, mwalimu aliyeacha kufundisha mwaka 1957 akaenda kufuga kuku, na alipofariki mwaka 2010 alikuwa miongoni mwa watu wenye hisa nyingi zaidi katika benki ya Equity. Baba akitaka kumtia mtoto moyo anamsimulia Muguku. Lakini tunasimulia mwanzo, kwamba aliacha kazi, halafu tunaruka hadi mwisho, kwamba alikuwa tajiri. Katikati hapo kuna miaka 53 ya kuku, chakula cha kuku, magonjwa ya kuku na kuhesabu mayai. Mtoto anasikia kuacha kazi na utajiri, anaacha kazi.

Narudi kwa kwaya, maana ndiyo mwenye sherehe. Leo kwaya ina akaunti ya benki na watu watatu wa kutia sahihi, na kila Jumapili ya kwanza ya mwezi mweka hazina anasoma salio mbele ya wote. Wageni wengine huona ni kama hatuaminiani. Mimi naona ni huruma. Mwaka ule kama mtu angeniuliza kila mwezi, "Zimefika ngapi?" ningemwambia yule mkandarasi mifuko sita ndiyo niliyonayo. Kwa hiyo msimwonee haya binti yetu mnayemwona pale mwenye kitabu cheusi. Mwulizeni. Akisema nane, nanyi shikeni kamba zenu mhesabu mafundo.

Jambo la mwisho ni tangazo. Kile kinanda cha 2013 ndicho mlichokisikia leo. Kimeimba harusi zetu na mazishi yetu, na wale wenye masikio mepesi mmegundua kwamba funguo mbili za chini zimekufa na mwalimu wa kwaya amekuwa akiziruka tangu Pasaka. Mchango wa kinanda kipya unaanza leo. Namba ya kulipia imechapishwa nyuma ya kijitabu hiki. Nimeiangalia mara mbili kabla haijaenda kwa mchapishaji. Ni ya kwaya.

Tumsifu Yesu Kristu.